Mama na Baiskeli ya Matairi Manene

Kuna jambo nimelikwepa mbele ya mchungaji, mbele ya mke wangu na mbele ya ndugu zangu wote, kwa hiyo nianze na hilo. Nilikuwa nimemchoka mama yangu. Sikumchukia hata siku moja. Nilimpenda na nilikuwa nimemchoka, na mambo hayo mawili niliamka nayo kila asubuhi.

Mama alikuwa amepoteza kumbukumbu. Alianza kwa kusahau chumvi kwenye mboga, akafika mahali pa kusahau kwamba baba alishafariki, na kila tulipomkumbusha alilia kama anayeisikia habari kwa mara ya kwanza. Tukaacha kumkumbusha. Nilimtoa kwao Mzenga, Kisarawe, nikamleta kwangu Kibaha, nje kidogo ya Kongowe, nikidhani kazi ngumu ilikuwa kumshawishi apande gari. Sikujua ninachokileta ndani. Alinifuata kila nilipokwenda. Nikiingia bafuni alisimama mlangoni. Nikikaa kula alikaa pembeni yangu, ananitazama usoni, ananiuliza tunaondoka lini. Namjibu. Anatikisa kichwa kwamba ameelewa, halafu ananiuliza tena.

Mwaka huo ofisi yetu ilitupeleka kwenye semina katika hoteli moja ya ufukweni, Kigamboni. Jioni ya mwisho wakatutolea baiskeli za matairi manene tutembee nazo mchangani. Mimi na kitambi changu nilipanda kwa aibu. Yule aliyetufundisha alifanya jambo lililonishangaza: alifungua vali na kuanza kutoa upepo. Alitoa mpaka tairi likabonyea kwa kidole gumba. Akasema mchanga haushindwi kwa nguvu, tairi lenye upepo mwingi linachimba na kuzama, lakini lililolegea linatanuka na kupita juu. Tena usishike breki ghafla, usikate kona kali, na macho yako yatazame mbele.

Niliendesha mpaka kwenye vilima vya mchanga mkavu nyuma ya ufukwe, nikapanda kimoja, nikateremka, nikapanda kingine. Kwa saa nzima hakuna mtu aliyeniuliza tunaondoka lini. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Hoteli ilipouza vitu vyake vya zamani nikanunua baiskeli moja. Mtaani kwetu wakaipa jina la trekta. Fundi wa Kongowe hakuielewa kabisa. Kila nilipompelekea kukaza mnyororo alinirudishia matairi yamejaa upepo mpaka yanalia ukiyagonga, anasema bosi, ungeharibu rimu, nimekusaidia. Nilimshukuru, na nikifika nyumbani nautoa upepo wote. Sikuhitaji kwenda tena mpaka Kigamboni. Nyuma ya nyumba yangu kuna njia ya mchanga inayopita kwenye mashamba ya mihogo. Mbele kidogo inagawanyika: mkono wa kushoto unakwenda kukutana na barabara ya Soga, ambayo ukiifuata hadi mwisho wa subira yako inakufikisha Mzenga, mkono wa kulia unateremka kwenye korongo kavu ambako wachimba mchanga waliacha malundo makubwa, mengine yamefika urefu wa nyumba. Pale ndipo palipokuwa ufukwe wangu. Kila Jumamosi alfajiri nilitoka kwa kunyata mama akiwa bado amelala, nikaenda kuzunguka kwenye yale malundo mpaka miguu itetemeke. Kurudi nilipitia barabara ya lami, kwa sababu kupanda korongo nikiwa nimechoka kulinishinda.

Jumamosi ninayoisimulia nilirudi kama saa nne. Mke wangu alikuwa amesimama barazani, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa anafua. Alimwacha mama sebuleni, alipokwenda kumtazama hakumkuta, na geti la nyuma lilikuwa wazi. Tangu lini? Hakujua vizuri. Pengine tangu saa mbili.

Nilimfokea mke wangu. Mwanamke aliyekuwa anamwogesha mama yangu kila siku wakati mimi nacheza mchangani, nilimfokea mbele ya majirani.

Halafu nikageuza baiskeli, nikatoka kwa geti la nyuma bila hata kuchukua maji. Moyoni nilikuwa na uhakika. Mama anataka kwao. Si ndicho alichokuwa anakiuliza kutwa, tunaondoka lini? Majirani nao waliniambia hivyo hivyo, kwamba wazee wakifikia hali ile hurudi walikozaliwa. Nilipofika njia panda sikushuka hata kutazama chini. Nilikata kushoto kwa mwendo wote nilioweza, nikashika njia ya Soga.

Nilimwita njia nzima. Niliuliza kila niliyemkuta kama amemwona mama mmoja mfupi, mweusi, amevaa gauni la bluu na kanga. Hakuna. Nikajiambia amepata lifti, mtu gani atamwacha bibi barabarani? Nilikanyaga. Baada ya kuvuka reli mchanga ukawa mzito zaidi na jua likawa juu ya kichwa, na nilikuwa naomba kwa sauti, sala bila mpangilio, namwahidi Mungu vitu ambavyo sina. Mke wangu akapiga simu: mjumbe wa mtaa amekusanya watu, wameingia njia ya nyuma kutafuta nyayo, lakini hakuna nyayo. Kuna alama za tairi langu tu, mpaka njia panda, kushoto zipo na kulia zipo.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Tairi la baiskeli ile ni pana kuliko kiganja changu, na likilegezwa linatanuka zaidi. Mchanga wa njia ile unashika alama ya kila kitu, hata ya kuku. Mguu wa mama ulikuwa umeandikwa pale, na mimi nimepita juu yake nikaufuta, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumtafuta.

Nilifika Mzenga saa nane na nusu. Mama mdogo, mdogo wake mama wa kumfuata, alikuwa amekaa nje anamenya mihogo. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijamaliza kueleza akaweka kisu chini.

"Kwa miguu?" akaniuliza. "Na magoti yale? Mwanangu, dada yangu hafiki hata Soga. Umekuja kumtafuta huku ya nini?"

Nilikaa kwenye mchanga mbele yake nikalia, na yeye hakunibembeleza. Aliingia ndani, akaleta maji, akanyanyua simu akamtafuta mwenye lori lililokuwa linapeleka mkaa Kibaha. Baiskeli ikatupwa juu ya magunia, mimi nikakaa na dereva. Njia nzima nilihesabu: tangu saa mbili, bila maji, bila kofia, mwenye presha. Dereva alitaka kunipa moyo akashindwa, akawasha redio, kisha akaizima.

Aliniteremsha pale njia ya Soga inapokutana na njia yetu. Nikaendesha mpaka njia panda. Jua lilikuwa limeanza kuteremka. Wale wa mjumbe walikuwa wamehamia upande wa barabara kuu, na aliyebaki alikuwa bibi mmoja mwenye shamba la mihogo pale kando, amejifunga kanga kiunoni, anatembea taratibu kwenye njia ya kulia huku ameinamisha kichwa. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia bila kuniangalia.

"Hiki kigurudumu kilichoteremka kuelekea korongoni ni cha nani?" akauliza.

Nikasema ni changu, cha asubuhi. Nilikwenda kule kwa mazoezi. Hakiwezi kutusaidia.

"Na huyu anayekufuata ni nani?"

Nilishuka. Hatua kama thelathini kupita njia panda, pale ambapo sikupita mara ya pili wala watu wa mjumbe hawakufika, alama yangu ya asubuhi ilikuwa nzima, pana, imelalia mchanga. Katikati yake, juu kabisa ya alama, kulikuwa na chapa ya ndala. Ndogo. Ya kulia inaburuza. Na inayofuata. Na inayofuata. Hakutoka nje ya alama hata mara moja.

Mama hakuwa anakwenda Mzenga.

Niliitupa baiskeli pale pale nikakimbia kwa miguu. Bibi yule alibaki nyuma ananiita nisikanyage nyayo. Kwenye korongo nilikuta ndala moja imekatika, na kuanzia hapo mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Nikafika kwenye malundo. Asubuhi ile nilikuwa nimejisikia vizuri, nimezunguka lundo kubwa mara nyingi sana, nakwenda, narudi, nakata katikati, nakwenda tena. Mama alikuwa amezifuata zote. Kila mzunguko niliozunguka, nyayo zake zilikuwa juu yake, mguu mmoja na ndala, mguu mmoja mtupu, kwenye mchanga ule unaochoma mchana mpaka wachimbaji wenyewe hukimbilia kivulini. Mahali pengine alianguka, magoti na viganja vilionekana. Aliamka akaendelea.

Nilimkuta upande wa pili wa lundo, amekaa, mgongo ameuegemeza kwenye mchanga. Midomo imepasuka. Yuko hai. Nilipiga magoti, na kwa kuwa sikujua neno jingine la kusema nikamwambia shikamoo mama.

"Marahaba, kijana," akasema. Sauti ilikuwa kavu. Alinitazama kama unavyomtazama mtu unayetaka kumuuliza njia. "Hujamwona mwanangu? Amepita hapa na baiskeli. Namwita hasikii. Anakwenda mbio sana."

Kifuani alikuwa amekumbatia fundo la kanga. Nilidhani ameumia mkono nikataka kulifungua, akalivuta kwake kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, vimejaa mchanga. Kutwa nzima hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Usiguse," akaniambia. "Ni vya mwanangu. Katoka na njaa."

Nikamwambia mimi ndiye. Nikataja jina langu, nikataja la baba, nikamwonyesha kovu la panga kwenye kidole ambalo alilifunga yeye mwenyewe kwa kipande cha kanga nikiwa darasa la pili. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema mwanangu hawezi kuwa mzee hivi, akageuza uso kutazama zile alama zinavyozunguka lundo.

Hakukubali kuondoka. Nilimwomba, nililia mbele yake, nikajaribu kumnyanyua akanipiga kofi la mkono dhaifu. Mwishowe nikamwambia twende wote tukamtafute. Hapo akanipa mkono. Nikambeba mgongoni, muhogo wake ameushika mbele ya kifua changu, nikaanza kupanda korongo. Kila baada ya hatua chache aliinamia sikio langu na kuniuliza kama nimemwona. Nikamjibu bado, mama. Bado.