Ngozi za Embe za Kibandani

Maembe ya Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, huiva mvua ikiwa imekwisha kushika, na hapo ndipo taabu ya Vumilia ilipoanzia. Mjane huyu, mzaliwa wa Kishapu, huponda maembe, huchemsha rojo lake, kisha hulitandaza jembamba kwenye sinia hadi likauke na kukunjika kama ngozi. Wateja huiita ngozi ya embe. Alipoianika juu ya bati, mvua ilimwahi: ngozi ilichachuka, ikaota ukungu, ikabeba vumbi la mashine za kusagia mawe.

Nilipotumwa huko na mradi wa usindikaji, nilimpelekea kaushio: sanduku la mbao lililofunikwa nailoni, lenye matundu ya kupitishia hewa. Siku ya nne tukapanga sinia tatu mezani. Ya batini ilikuwa nyeusi, yenye mchanga. Ya sandukuni ilibaki na rangi ya embe na harufu yake, ingawa kingo zilikakamaa kidogo. Ya tatu ilinishangaza. Ilikuwa laini, inang'aa, haina hata alama ya mguu wa inzi.

"Hiyo nimeikausha kibandani kwa jirani yangu Nkwabi," alisema Vumilia. "Siku moja tu, Madamu."

Sisimizi walikuwa wamepanda mguu wa meza. Waliivamia ya kwanza, wakaivamia ya pili. Walipofika ukingoni mwa ya tatu walisimama, kisha wakaizunguka, mstari mzima, bila hata mmoja kukosea.

Vumilia alicheka, akasema hata wadudu wanajua chakula cha wageni. Mlangoni alisimama binti yake Noela, mjamzito wa miezi sita, akitafuna kipande cha ngozi hiyohiyo. Tangu mimba iingie, mama yake alinieleza, hataki nyingine. Ya sandukuni huitema.

Kesho yake adhuhuri nilikwenda kibandani pamoja na Vumilia. Hapakuwa na mjusi ukutani wala buibui darini. Humo Nkwabi huchomea dhahabu iliyoshikwa na zebaki: zebaki hupaa na moshi, dhahabu hubaki. Joto linalosalia alimpa mjane bure, na mtaa mzima ulimsifu kwa huruma. Nilipitisha kidole juu ya boriti. Vishanga vya rangi ya fedha vilianguka kiganjani mwangu, vikatafutana, vikawa tone moja la duara, kama jicho lisilo na kope.

"Umande wa moto huo," alisema Vumilia. "Hudondokea sinia. Mimi huufuta kwa kanga."

Nilimwambia bila kupamba: ule haukuwa umande, ilikuwa sumu, na huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kisha nikamgeukia Nkwabi, aliyeketi nje akinoa sururu, nikamuuliza kama hakujua.

"Mimi husimama upande unakotoka upepo," alijibu, bila kuinua macho.

Misimu miwili alisimama upande huo, akimtazama mwanamke akiingia na chakula mikononi. Huruma ya namna hiyo sina neno la heshima la kuiita.

Vumilia hakumtukana. Aliitazama mikono yake, ambayo kwa miezi mingi alidai inatetemeshwa na uchovu.

"Na wa tumboni?" aliniuliza.

Nina shahada ya sayansi ya chakula. Nilichoweza ni kumpeleka Noela kliniki.

Kliniki walisikiliza mapigo, wakasema tusubiri. Vumilia alizifukia ngozi zote za kibandani nyuma ya nyumba. Wiki iliyofuata mvua ilizifukua, nzima, zinang'aa vilevile.

Sasa hutumia sanduku peke yake, na hauzi ngozi kabla hajaweka kipande chini na kuona sisimizi wamekila. Nimemweleza kwamba sisimizi si kipimo. Husema amesikia, kisha huchuchumaa kuwangoja.

Mtoto alizaliwa Machi, wa kike, mkimya mno. Kila asubuhi, kabla hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote, bibi yake huinama juu yake na kuvitazama vile vidole vidogo, aone kama vimetulia au vinatetemeka.