Banda Lenye Mlango wa Friji

Mama alikuja Mbeya na kuku kwenye tenga, na sharti moja. Baba alikuwa ameshafariki, nyumba ya kijijini Kilolo amebaki nayo peke yake, na mimi nilikuwa nimeapa harudi kule kukaa mwenyewe. Akaniambia, "Nitajaribu, baba. Nikishindwa usinikasirikie." Kukasirika kwangu mimi ni kazi ndogo, anayenijua anajua.

Nimepanga Uyole, natengeneza mafriji. Sijasomea popote, nimejifunza kwa kufungua na kuharibu. Uwanja wetu na wa jirani umetenganishwa na michongoma tu, na kuku wa Kilolo hawajui michongoma ni nini. Kila siku wako kwenye mchicha wa jirani, mama mmoja mtu mzima wa Tukuyu, anaongea mpaka mtaa wa pili wanamsikia. Na kila siku mama yangu anawafuata. Anatoka asubuhi, anarudi mimi nimeshakula mchana peke yangu. "Kuku hawa wasumbufu," anasema, na kuku mwenyewe kambana kwapani, katulia kabisa.

Mimi nilichokuwa naona ni mateso. Mama yangu, na magoti yale, anazungushwa na kuku kwa watu.

Siku moja narudi na friji bovu kwenye guta, nikasikia sauti ya jirani nyuma ya michongoma: "Nyie watu wa Kilolo banda mtalijulia wapi, na mmezoea kulala na kuku jikoni? Huyu mwekundu leo namchinja."

Nikamaindi. Hata friji sikushusha. Nikazunguka mpaka uani kwake. "Shikamoo mama. Huyo unayemsema ni mama yangu mimi. Mchicha nitalipa, lakini usimtukane tena."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage magotini, wanachambua yeye na jirani. Ungo niliuona kabisa. Akauweka chini, akamchukua yule mwekundu, tukaondoka. Mpaka mlangoni kwetu ndo akasema:

"Alikuwa ananitania."

"Utani gani huo wa kuchinja?"

"Wa kuchinja," akasema, akaingia ndani.

Basi hasira zangu zote nikazimalizia kwenye banda. Lile la zamani lilikuwa vijiti na kiroba, nikaling'oa. Nguzo nikaweka chuma za vitanda vya shule nilivyotoa kwa wauza skrepa Mwanjelwa. Kuta, mabati chakavu na nondo za dirisha. Friji mbili zilizokufa nikazilaza chali, nikatoa matumbo, nikajaza maranda, wakapata pa kutagia pasipopenya baridi ya hapa. Mlango nao nikauweka wa friji, na raba yake, ukiusukuma unajifunga wenyewe. Chakula nikawawekea kwenye bomba la choo, unajaza juu kinashuka chenyewe, wiki nzima hugusi. Maji, ndoo ya rangi niliyoitoboa na kuigeuza kwenye beseni. Watu walikuja kupiga picha. Nilijisikia kinoma.

"Sa mama, hapa wewe ni kukaa tu," nikamwambia.

Akaligusa bomba. "Umejenga vizuri, baba."

Akakaa kweli. Asubuhi anasogeza kigoda mbele ya banda, anachungulia, wamekula. Anaangalia ndoo, maji yapo. Anarudi ndani. Ng'ambo ya michongoma jirani naye kimya, maneno yangu yalikuwa bado yamesimama pale. Nikaona mama anapungua maneno, nikadhani baridi, nikamnunulia sweta.

Siku moja nikamwambia nenda kwa jirani ukapige stori. Akanitazama kama anamtazama mtoto. "Nitaendaje kwa mtu sina ninachofuata?"

Hata hapo sikuelewa. Nilielewa aliposema anataka kwenda kuangalia nyumba Kilolo. Hakuomba tenga. Nikamuuliza kuku je, akasema, "Waache. Wana kila kitu." Sikumkasirikia, ndo alichoniomba. Nikambebea begi mpaka stendi.

Juzi nimeufungua ule mlango, nikaweka tofali usijifunge. Walichukua muda kutoka. Jioni nikampigia mama.

"Kuku wako wako kwenye mchicha wa watu."

Akacheka. Sijamsikia anacheka hivyo tangu nijenge lile banda. "Kamwene," akasema kwa kikwetu, kama ananisalimia upya. "Sasa nani kawafuata?"

"Mimi."

"Jirani kasemaje?"

"Kauliza unarudi lini. Kasema mwekundu anamchinja."

Nikasikia anavuta kiti kule.

"Na wewe ulikaa?"

"Hapana. Nilisimama tu, nikamshika kuku nikaondoka."

"Ah, baba," akasema. "Si ungekaa."