Norleen Ashika Usukani

Norleen Tebbs alishika usukani wa gari-nyumba lao akiwa na miaka sabini na moja, na wala hakuuomba. Macho ya mumewe ndiyo yaliyomlazimisha. Verdell alikuwa dereva wa greda la kaunti, na baada ya kustaafu akaliendesha lile gari lenye kitanda, jiko na choo kutoka korongo moja hadi jingine, kila mwaka, mpaka theluji ya kwanza ianguke. Kisha doa likaingia katikati ya kila alichokitazama. Akiangalia barabara, aliona kando zake tu.

Norleen mwenyewe alikuwa mpishi wa shule kule Panguitch. Aliweza kulisha shule nzima bila kupandisha sauti, lakini ndani ya gari kazi yake ilikuwa ramani, sandwichi na kunyamaza. Kunyamaza hasa. Watu wa magari-nyumba wana mwiko mmoja: mtu anayefunga gari dogo nyuma ya lile kubwa, ili likokotwe, haongeleshwi. Ukimwongelesha atasahau kitu. Verdell aliushika mwiko huo kuliko alivyoshika mambo ya kanisa, na kanisani hakuwa akikosa. Alimfokea mkewe hata akikohoa.

Binti yao Janeal, aliyeishi Richfield, alikuwa ameshawaandalia chumba cha chini nyumbani kwake, chenye zulia jipya na dirisha lililotazama matairi ya gari la jirani. Kiangazi hicho gari lilikuwa limewalaza njiani mara mbili, kwanza pampu ya maji, kisha mkanda. Kwa hiyo Norleen akakubali, kwa shingo upande, kwamba wangekwenda kambini Torrey kwa marafiki zao wa kupika kwa vyungu vya chuma, na gari likiharibika tena njiani, Janeal, atakayewasubiri Boulder, atachukua funguo na habari ya safari itaishia hapo. Chumba kile aliona ni kufa kabla ya siku yake.

Asubuhi ya kuondoka kambi ya Escalante, walikolala, Norleen akainama kufunga gari dogo. Verdell, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na kazi mikononi, akasimama kando yake akiongea.

"Mlimani usilazimishe gia ya juu. Na breki usizikanyage kama unaua mende."

"Nimesikia, mzee."

"Na ukishavuka daraja la mto, pale kwenye kona..."

"Nimesikia!"

Akapachika chuma, akachomeka waya wa taa, akapanda garini. Mzee alikuwa bado anahubiri.

Mteremko wa kwenda mtoni haukuwapa shida. Gari lilikuwa zito, lakini Norleen alidhani magari makubwa ndivyo yalivyo. Matatizo yalianza walipokamata mlima wa Calf Creek, katikati ya majabali meupe na mekundu, jua likiwa utosini. Mshale wa joto ukapanda.

"Washa hita yote," Verdell akasema. "Injini ipumulie humu ndani."

Akawasha. Wakaokwa kama mikate, madirisha wazi, jasho likiwaingia machoni, na bado injini ikakohoa na kuzima. Norleen aliwahi kulisogeza gari pembeni kwenye kijinafasi cha kupumzikia.

Petroli ilikuwa imechemka kwenye mrija wake. Verdell akafungua kifuniko cha injini kati ya viti viwili, na kwa kupapasa tu akaubana mrija kwa vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, huku Norleen akiuzungushia matambara mabichi. Kama vibanio vinasaidia au ni imani tu, mimi siwezi kuapa, lakini kwetu gari la zamani lisilo navyo halijatunzwa. Wakasubiri. Injini ikawaka, ikajikokota umbali wa upana wa uwanja wa nyumba, ikazima tena.

Verdell akashuka akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Imekufa, mama," akasema. "Nimeisikia inavyolia. Imechoka kama mimi." Na yule mzee akalia, bila kuficha uso.

Norleen akapandwa na hasira, sijui za nani. Akaondoka pale, akalizunguka gari kwa hatua za mtu anayetafuta wa kugombana naye. Huko nyuma harufu ya kitu kilichoungua ikampiga puani. Akaligusa gurudumu la nyuma la gari dogo, akaurudisha mkono mbio. Akafungua mlango. Breki ya mkono ilikuwa imesimama wima.

"Verdell! Nani alikuwa anaongea asubuhi nikifunga gari?"

Mzee akafuta machozi kwa kiganja.

"Nilikuwa nakuelekeza tu."

"Ulikuwa unahubiri!"

"Umesahau nini?"

"Breki ya mkono."

Mzee akainuka. "Toka kambini?"

"Toka kambini."

"Kwa hiyo injini haijafa."

"Imepanda huku ikiburuta gari lililong'ang'ania ardhi. Wewe ungeweza?"

Wakacheka mpaka Norleen akashika ubavu. Akaishusha breki, wakangoja magurudumu yapoe, wakalifungua gari dogo ili walisukume kidogo. Likabingirika vizuri. Walikuwa ndio wamemaliza kulifunga tena, mzee akiwa amefunga mdomo, Janeal alipotokea kutoka upande wa Boulder.

"Nimewasubiri pale dukani mpaka roho imenitoka! Limeharibika tena, siyo?" Akanyoosha mkono kwa baba yake, kama watu wote walivyozoea. "Baba, tulikubaliana. Nipe funguo."

"Usiniangalie mimi," Verdell akasema. "Muulize dereva."

Janeal akamgeukia mama yake taratibu.

"Halijaharibika," Norleen akasema. "Nilisahau kushusha breki."

"Na hilo si ndilo baya zaidi? Mama, mbele yako kuna ule mgongo wa Hogback. Korongo huku, korongo huku, hakuna hata ukingo!"

"Najua. Nimepita hapo miaka yote nikiwa nimefumba macho. Leo itabidi niyafumbue."

Norleen alimbusu bintiye shavuni, akapanda, akageuza ufunguo. Injini ikawaka.

Juu kule ardhi ilibaki upana wa barabara tu, na pande zote mbili miamba ilishuka hadi macho yakachoka kuifuata. Norleen alishikilia katikati, akienda mwendo wa kobe. Alikuwa na hofu, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ujana wake. Honi zikaanza kulia nyuma.

"Nani huyo?" Verdell akauliza.

Norleen akatupia kioo jicho.

"Janeal. Amegeuza gari, anatufuata na taa za hatari. Kuna foleni nzima nyuma yake."

"Amekasirika?"

"Labda. Lakini hampishi mtu."