Ruthu Hangma, Aliyeweka Jiwe la Kupumzikia

Alizaliwa safari ikiwa imekwisha kuanza. Mwaka 1981 wazazi wake walikuwa wanateremka kutoka milima ya Taplejung, nchini Nepal, kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ya Ilam, masufuria mgongoni, uchungu ukamshika mama njiani. Akajifungua juu ya chautari, lile jukwaa la mawe ambapo wachukuzi hutua mizigo. Mtoto aliitwa Hangma. Padri aliyembatiza akamwongezea Ruthu. Alikua akichuma chai na kusali, na shule hakuimaliza.

Mwaka 2008 aliingia Penang, Malaysia, kwenye kiwanda cha vifaa vya umeme. Huko wito ulimjia kwa njia ya msiba: Mnepali mwenzake kiwandani alifariki, akazikwa bila jina, na mkewe huko nyumbani akaendelea kumsubiri. Ruthu alifunga na kuomba, kisha akafungua kundi la mtandaoni kwenye simu yake, akaliita Chautari. Mhindu, Mbudha, Mkristo, wote waliketi hapo. Waliopotea walitafutwa, wagonjwa walipata wakalimani, maiti zilirudishwa kwao. Maelfu walijibiwa, na hakuna aliyejua kama anayejibu ni mwanamume au mwanamke, ila Sunmaya tu, aliyeishi naye chumba kimoja.

Jaribu lilikuja mwaka 2017 kwenye Dasain, sikukuu kubwa ya Wanepali. Dambar Khatri, bwana mnene mwenye mkahawa Kuala Lumpur, alipanda jukwaani kwenye sherehe, akasema Chautari ni yake, akavishwa mashada ya maua.

"Dada, umeona?" Sunmaya alifoka, akimwonyesha video simuni. "Lile tumbo limevishwa maua yako!"

"Maua hunyauka. Geuza dengu, zinaungua."

Wiki ile ile mama mmoja wa Panchthar alimpigia Dambar: "Baba, wewe si ndiye mwenye Chautari? Basi nitafutie mwanangu Purna, amepotea huko Malaysia." Dambar akahaha, akaandikia kundi kwa siri akiomba msaada.

"Mwache aumbuke!" alisema Sunmaya.

"Akiumbuka yeye, atakayezikwa bila jina ni Purna."

Ruthu akawauliza wanakundi. Mfagizi mmoja wa hospitali ya Ipoh akajibu: yupo kijana asiye na karatasi, ameanguka jengoni, hafumbui macho. Ruthu akamwagiza Dambar aende, akampa sauti ya yule mama iliyorekodiwa. Dambar alishika simu sikioni mwa mgonjwa: "Purna, mwanangu, inuka ule." Na yule ambaye majuma mengi hakusikia daktari wala sindano alifumbua macho, akasema, "Ama," yaani mama kwa Kinepali. Wauguzi waliacha walichokuwa wanafanya. Dambar alipiga magoti kando ya kitanda.

Baadaye aliandika akilia: "Wewe ni nani, nikutangaze?"

Akajibiwa: "Mtu akishatua mzigo, kaka, huuliza jiwe liliwekwa na nani? Kesho kuna mwingine Seremban. Una gari?"

Ruthu alifariki Machi 2021 kwa ugonjwa wa mapafu, rozari mkononi. Hapo ndipo Sunmaya alipofungua kinywa na kumtaja. Mwenye kutaka kumfuata asitafute sanamu yake, maana hata picha hakuacha. Amtue mtu mzigo, kisha anyamaze.

Purna anachechemea, analima iliki Panchthar. Mama yake alimwona, akafariki mwaka uliofuata. Sunmaya aliolewa Jhapa. Dambar aliuza mkahawa, gari akabaki nalo. Chautari bado iko wazi. Anayejibu sasa hajataja jina.