Mama Neema alikuwa anakufa na uchungu, wageni wa demo wakampigia makofi (Nakivale)

Wakuu, salamu. Hii sikusimuliwa, niliibeba kwa mikono yangu. Atakayesema ni chai apite pembeni.

Nilikuwa volontia wa timu ya emergency hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Kazi yetu ni kubeba wagonjwa kwa machela hadi kwenye ambulensi. Malipo hakuna, ni sabuni na rifleta tu, ile vesti ya kung'aa.

Siku hiyo wageni wakubwa walikuja kuangalia demo, zoezi la kuigiza uokoaji, pale Base Camp kwenye ofisi za kambi. Jamaa mmoja akapakwa rangi nyekundu mguuni, ajifanye majeruhi aliyevunjika. Ambulensi ikaoshwa ikang'aa! Siku nyingine ukiipigia simu, eti haina mafuta.

Demo ikiendelea, tukaitwa kijiji cha Kashojwa, humuhumu kambini. Mama Neema, jirani yangu, muuza mihogo, uchungu umemshika tangu jana na mtoto katanguliza mkono. Mkunga akasema huyu akapasuliwe hospitali ya Mbarara, sasa hivi.

Tukambeba mbio. Kufika uwanja wa demo, ambako ambulensi ilikuwa, wageni wakapiga makofi.

Kweli ya Mungu, makofi! Walidhani ni sehemu ya demo. Mmoja akainama kumpiga picha.

Mama Neema akalia, "Banapiga makofi juu ya nini? Miye ninakufa!"

Nikamfuata msimamizi wetu. "Boss, huyu ni wa kweli."

Akaninong'oneza, "Ngoja ratiba iishe. Usituaibishe."

Ratiba! Yule wa rangi nyekundu alikuwa bado amelala ndani ya ambulensi, anasubiri hotuba ziishe. Ya kwanza tukavumilia, machela juani. Ya pili ilipoanza nikapanda, nikamvuta mguu uleule "uliovunjika". Akaruka chini, akatimua mbio. Makofi yakakoma.

Tukampakia mama, dereva akawasha. Barabara ile ya vumbi hadi Mbarara mnaijua.

Mama alipona. Mtoto alitolewa kimya, hana uhai.

Mimi nikafukuzwa kwenye timu, eti sina nidhamu. Sawa tu, rifleta yao niliwarudishia.

Nilichojifunza: mgonjwa wa kweli akifika, usiombe ruhusa. Pakia, ondoka, mtagombana baadaye.

Lakini bado nina hasira, wakuu. Mwaka uliofuata shirika la ile timu lilitoa kalenda. Mama Neema yumo, kwenye machela, mdomo wazi. Chini wameandika kwamba zoezi lilifana sana.

Aliileta kwangu, hajui kusoma. Nikamsomea. Akaniuliza, "Na mutoto wangu, balimuandika fasi gani?"

Wenye jibu, nisaidieni.