Ski Nilizonoa, Mlima Aliopanda Benedikto

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ski, zile za kuvaa miguuni na kuteleza kwenye theluji, pale mjini St Marys, ughaibuni, msimamizi wa ghala alinipa brashi, akanionyesha ukuta uliojaa ski za mashindano, akaniambia nifute vumbi nisiguse kingo. Niligusa. Damu ikadondoka sakafuni, naye akacheka: "Sasa umeajiriwa." Nilimshukuru Mungu kwa kazi ile. Mimi na mke wangu tulikuwa tumefika kutoka Bukavu si zamani, na theluji sikuwahi kuiona.

Ninyi mnaoanza leo mna mashine za kunoa. Sisi tulitumia tupa na mkono. Nilipohamishiwa kwa fundi mkuu, mtu wa maneno machache, alinifundisha kwamba ski ya mbio ina kiini cha mbao kilichobanwa kati ya mabati mepesi, kingo za chuma pembeni, na chini plastiki ngumu inayokunywa nta ya kuiwezesha kuteleza. Kwa slalomu, mbio za kupindapinda kati ya malango ya milingoti, ambako malango yamekaribiana, ski huwa fupi na huingia ndani kiunoni ili igeuke upesi. Kwa slalomu kubwa malango huachana, na ski hurefuka. Zile za mbio za kuteremka, ambako kasi ndiyo kila kitu, ni ndefu kupita zote na karibu zimenyooka. Makali tuliyapima kwa ukucha: yasipokwangua unga mweupe, rudi kwenye tupa.

Benedikto, Mkenya wa Eldoret, alikuja miaka mingi baada yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika pasi ya kuyeyushia nta isitoe moshi. Alikuwa mwepesi na mcheshi. "Mzee Yosia," alizoea kusema, "wewe omba, mimi nipake. Tugawane kazi."

Ikaja korona. Mafundi wa Ulaya waliokuwa wakifuatana na timu ya taifa mlimani wakashindwa kuingia nchini, kwa hiyo mmoja wetu angepanda na wachezaji. Nilijua ni mimi. Nilikuwa nimeshanunua buti.

Meneja alituita uani, barakoa usoni. "Yosia, kwa umri wako na ugonjwa huu, Benedikto ataenda."

"Mimi si mgonjwa," nikasema.

"Ndivyo ninavyotaka ubaki."

Benedikto akaondoka, na muda mfupi baadaye mji ukafungwa. Nikabaki nakwangua nta peke yangu, ibada naifuata kwenye simu, na kwenye simu hiyohiyo zinaingia picha zake: Benedikto na kocha, Benedikto ndani ya koti la timu. Mke wangu akasema, "Baba Neema, si uzifute kama zinakuuma?" Sikuzifuta. Nilizitazama tena.

Asubuhi ya slalomu kubwa Benedikto alinipigia kwa video. Msichana mmoja alikuwa akigombea nafasi ya mwisho katika timu ya taifa, na kwenye mazoezi ski zake zilikuwa nzito.

"Mzee, theluji imekuwa uji! Nta ya siku za joto nimeweka, lakini ski zinanyonywa na maji. Nifanyeje?"

Akageuza kamera. Nikauona mlima. Jibu nililijua, nami nikaendelea kuutazama tu; kwa muda gani, Mungu anajua.

"Chini ya ski kuna mifereji midogo ya kupitisha maji," nikasema mwishowe. "Umeijaza nta. Chukua brashi ya shaba, sugua mpaka uione mistari."

"Nimesugua, Mzee."

"Umepangusa. Sugua kama sufuria ya ugali ulioungua!"

Msichana akaipata nafasi. Kwenye simu nilimwona akimrukia Benedikto shingoni. Msimu uliofuata Benedikto akawa fundi mkuu, nami nikastaafu.

Kazi ile ilisomesha wanangu, na sikulala njaa hata siku moja. Nashukuru. Siku ya kuniaga, meneja aliniomba niiombee karakana. Nikawataja wote mmoja mmoja, mpaka nikafika kwa Benedikto, na sauti ikakatika. Wakazidi kuinamisha vichwa, wakidhani ni uchungu wa kuagana. Benedikto akanishika bega.

"Polepole tu, Mzee," akanong'ona.

Nikalitaja jina lake. Wenzangu wakasema amina. Lakini jinsi lilivyonitoka, alisikia Mungu peke yake.