Kadi ya Kilo Tatu

Dobi mmoja wa hoteli aliitwa Bi Mkunjo na kila aliyemfahamu. Uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja. Jina lilitokana na kwamba hakuweza kuuvumilia kwenye nguo. Ukimpitia na kola iliyojikunja, mkono wake ulikuwa shingoni mwako kabla hujamaliza kumsalimia.

Baada ya miaka mingi hotelini, alipata kazi ya kusimamia chumba cha kufulia nguo katika hospitali kubwa. Sharti lilikuwa moja: alete kumbukumbu zake za chanjo. Mkuu wa ajira alimweleza kwamba wakati mwingine sindano zilizotumika hujificha ndani ya mashuka.

Hilo halikumtisha. Mama yake, ambaye walikuwa wakiishi pamoja, alitunza kadi mbili za kliniki ndani ya kopo la maziwa ya unga: ya Bi Mkunjo na ya mdogo wake wa kiume, fundi baiskeli. Kadi ziliwahi kuloa maji, majina ya kwanza yakafutika, likabaki la baba tu. Moja ilikuwa imejaa visanduku vyote, nyingine ilikuwa na kisanduku kimoja kitupu. Nyumbani ilijulikana siku zote kwamba iliyojaa ni ya dada. Yenye pengo ilikuwa ya mdogo mtu, na kwa ajili hiyo alitaniwa tangu utotoni kuwa mkimbizi wa sindano.

Bi Mkunjo akachukua iliyojaa, akaenda nayo kifua mbele.

Nesi wa chanjo wa hospitali hiyo, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliipokea na kupitisha kidole juu ya tarehe.

"Dada, ulizaliwa mwaka gani?"

"Themanini na mbili."

"Maana hapa naona kwamba Machi themanini na sita ulikuwa na kilo tatu."

Bi Mkunjo akahesabu kwa vidole chini ya meza. Miaka minne, kilo tatu. "Mama hunambia nilikuwa kibonge," alisema, na wote wawili wakaangua kicheko.

Nesi akavuta kiti karibu. "Watu wengi huangalia visanduku tu, vikijaa wanaridhika. Anza na tarehe ya kuzaliwa, ujue kadi ni ya nani. Kisha angalia ni chanjo gani, ni dozi ya ngapi, na ulitakiwa kurudi lini. Niletee kadi yako halisi. Na kama uliwahi kujifungua, njoo na kadi ya ujauzito."

Nyumbani alimkuta mama yake akichambua mchele.

"Mama, kadi hii ni ya mwanao wa kiume. Yenye pengo ndiyo yangu."

Mama akavaa miwani, akazilinganisha kadi zote mbili. Halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko mpaka mchele ukamwagika.

"Siku ya chanjo ya surua uliamka na homa kali," alisema alipopata pumzi. "Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo tukahama nyumba, na mimi nikasahau. Ukaja ukaugua surua yenyewe ukiwa na miaka mitano."

Fundi baiskeli alipopita jioni, alisimuliwa yote akiwa amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi. Alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu.

"Karibu miaka arobaini nimebeba jina lako," alimwambia dada yake. "Leo nakurudishia."

"Nimelipokea, mdogo wangu. Nisamehe."

Kesho yake nesi alizipanga kadi za Bi Mkunjo mezani. Surua hawakuihangaikia, kwa kuwa alishaiugua. Chanjo ya pepopunda alipata dozi tatu utotoni na mbili alipokuwa na mimba ya binti yake, ila ya mwisho ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini, hivyo akaongezwa moja. Ya homa ya ini hakuwahi kupata hata tone. Akachomwa ya kwanza, akaandikiwa kurudi baada ya mwezi, na tena miezi sita tangu siku hiyo.

"Na nikichelewa, naanza upya?" aliuliza.

"Hapana, unaendelea ulipoishia. Lakini usichelewe."

Alipokuwa akishusha mkono wa gauni, akamkumbuka mdogo wake na nyaya zenye kutu anazozishika kila siku kibandani kwake. "Yeye kadi yake imejaa. Yuko salama?"

"Imejaa ya utotoni. Kinga ya pepopunda hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Aje."

Ujumbe huo Bi Mkunjo aliufikisha kwa furaha isiyofichika. Fundi baiskeli alitoa visingizio siku nne, mara ana wateja, mara mguu unauma. Siku ya tano dada yake akafunga kibanda yeye mwenyewe na kuondoka na ufunguo. Kule kliniki mwanamume yule alifumba macho, akamweleza nesi habari za breki za baiskeli bila kupumua, na alipofumbua kuuliza wataanza lini, pamba ilikuwa tayari imebandikwa begani mwake.

Bi Mkunjo akaanza kazi mpya wiki iliyofuata. Alipiga picha kadi zake kwa simu, zenyewe akazitia kwenye mfuko wa plastiki. Kufikia mwezi wake wa pili kazini, wafuaji wenzake walikuwa wakileta kadi za watoto wao wakati wa chai, naye akizisoma juu ya meza ya kupigia pasi, akianzia na tarehe ya kuzaliwa. Asipoielewa herufi fulani hakubahatisha. Alimtuma mwenye kadi ghorofa ya juu, kwa nesi.